Gunia Lililokimbia Mafuriko

Ukitaka kumkasirisha Safia wa Lukondo, mwambie kazi yake ni kuchaji simu za watu. Atakutazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akuambie kwamba kuchaji ni kazi ya jua. Yeye kazi yake ni kulea. Simu iliyoachwa kwake ni sawa na mtoto aliyeachwa kwa shangazi: italala pakavu, itashibishwa, na ikilia itajibiwa.

Hapo penye kujibiwa ndipo palipokuwa na maneno. Watu wa Lukondo hawakutaka simu zao zizimwe hata kidogo, maana kila nyumba ilikuwa na mtu wake machimboni Salamabila, na mtu wa machimboni hupiga siku aliyopata mtandao, si siku unayotaka wewe. Kwa hiyo simu zilikaa wazi, zikalia, na Safia akazipokea.

"Alo? Hapana, si Papa Théophile. Ni mama mwenye kumuchungia telefone. We sema tu, habari itafika."

Na habari ilifika. Pengine ilifika kwa jirani kabla ya kufika kwa mwenyewe, lakini ilifika.

Ili asichanganye simu, maana nyingi zilikuwa za tochi na zinafanana, kila nyumba ilileta kipande cha kitenge cha mama wa nyumba, naye akakifunga kwenye simu yao. Mwanamume mwenye wake wawili alileta vipande viwili, simu yake ikawa imevaa vizuri kuliko yeye. Na aliyemchokoza Safia asubuhi, simu yake ilingoja mwisho wa foleni mpaka jioni. Hakumwambia mtu. Aliiweka tu kwenye kona, akaiacha na njaa yake.

Alizaliwa Kasongo mjini, baba yake akishona kanzu na kofia karibu na msikiti, na huko ndiko alikojifunzia kwamba habari husafiri haraka kuliko nguo. Sumaili, mkulima wa mpunga, ndiye aliyemleta Lukondo, kijiji kilichokaa kwenye ukingo wa mto Luama, safari ya pikipiki kutoka Wamaza kama barabara imeamka na roho nzuri. Waliishi vyema. Kisha Luama ukafurika. Maji yalipoingia vijumbani, Sumaili alikuwa ameshatoka. Alikuwa mkavu, amesimama juu ya mlima wa shule karibu na mkewe, mzima kabisa. Halafu akakumbuka redio yake.

Safia hakuisimulia sana habari hiyo. Alisema tu, "Mutu hafuate uhai yake. Anafuata kitu yake." Alipomaliza eda akauza baiskeli ya marehemu, akanunua paneli ya jua ya kwanza. Baadaye paa lake lote likawa linang'aa paneli, na ukoo mzima wa Sumaili ukakubali kwamba mjane huyu haolewi tena, ameshaolewa na jua.

Tatizo la mume wa namna hiyo ni masika. Mvua ikianza alfajiri na kukataa kuacha, paneli zililala. Siku hizo Safia alikusanya simu zote, akazipanga ndani ya gunia la mchele, akalikaza na mpira kwenye pikipiki ya Iliasi, mdogo wa marehemu. Iliasi alizipeleka Wamaza kwa mfanyabiashara mwenye jenereta, akazirudisha jioni zimeshiba.

"Shemeki, uende polepole," Safia alimwambia kila mara. "Umebeba kijiji kizima."

Alisema kwa mzaha. Hakujua kwamba mahali fulani mbali sana kulikuwa na kompyuta iliyoyachukua maneno hayo kuwa kweli tupu.

Maana wakati huohuo ulikuwapo mradi wa kutabiri mafuriko ya Luama. Watu wake walisimika nguzo yenye antena mtoni, huko juu unakotoka milimani. Walipata picha za mawingu zilizopigwa kutoka angani. Na kampuni ya simu iliwapa hesabu ya simu ngapi ziko chini ya mnara upi, saa hadi saa, bila jina la mtu. Vyote vilimwagwa ndani ya kompyuta, nayo ikaambiwa: jifunze. Ikajifunza. Ikaona kwamba mvua kubwa ikinyesha tu, simu za Lukondo zote kwa pamoja huondoka bondeni kwa mwendo wa pikipiki na kukimbilia Wamaza mlimani, halafu jioni hurudi. Siku za jua, hakuna anayetikisika. Kompyuta ikahitimisha, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angehitimisha, kwamba hawa ni watu wanaoujua mto wao, na wakikimbia, kuna jambo.

Ikakaa tayari. Na siku iliyochagua kusema ilikuwa siku ya harusi.

Aliyekuwa akimwoza binti yake ni Zacharie, mnunuzi wa dhahabu, mwenye nyumba ya matofali chini kabisa ukingoni, pale ambapo wengine waliogopa kujenga. Zacharie alikuwa mtu wa sauti kubwa na manukato makubwa, na alikwenda Salamabila mara nyingi kuliko dhahabu aliyorudi nayo. Mkewe, Cadette, alikuwa mwanamke mpole ambaye hakuuliza maswali, aliyahifadhi. Binti yao anaolewa, mbuzi wamechinjwa, masufuria ya wali yamefunikwa majani ya migomba, na mvua inanyesha tangu alfajiri kama imelipwa. Gunia limeshaondoka.

Iliasi alikuwa ndiyo kwanza anaingia Wamaza gunia lilipolia nyuma yake. Si simu moja. Zote. Akasimama, akafungua, akasoma ya kwanza: *Hatari ya mafuriko. Watu wa Lukondo wameanza kuhama kwa wingi. Nawe panda mlimani sasa.* Akasoma ya pili. Ileile. Maskini Iliasi. Kijiji chake kinahama, na yeye yuko Wamaza na gunia! Akageuza pikipiki, akarudi akipiga honi na kulia, akaingia harusini na tope mpaka kwenye nyusi.

"Maji inakuja! Batu bote bameshakimbia!"

"Bote banani?" akauliza mtu. "Si tuko hapa?"

Lakini neno maji lilikuwa limeshasemwa, na Lukondo ilikuwa na makaburi ya kuikumbusha. Watu wakapanda mlima wa shule na magodoro vichwani, bibi harusi kabebwa na wajomba, padri kashika viatu vyake mkononi. Wakalowa huko siku nzima wakiutazama mto. Mto nao ukawatazama. Haukupanda hata kidogo. Waliposhuka, mbwa wa kijiji walikuwa wamelala chali kuzunguka masufuria, wameshiba mbuzi wote, hawawezi hata kubweka.

Zacharie alisimama katikati ya masufuria matupu akala kiapo. "Musikie bote! Hiyo mashini, siku ingine ikisema maji inakuja, ikuje yenyewe inibebe ku mugongo. Mimi na nyumba yangu, hatutakimbia tena. Na mwenye atakimbia, asinisalimie!" Watu wakacheka kwa uchungu, lakini waliafiki. Kuanzia siku hiyo, kukimbia mafuriko kukawa aibu Lukondo, kama kulia kwenye tohara.

Baada ya muda akaja mtu wa mradi, injenieri Nathanaël kutoka Kindu, kijana mwembamba mwenye kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki. Alitaka kujua kwa nini watu wa Lukondo hukimbia kila mvua. Kila aliyemuuliza alimtukana kwa adabu. Simu yake ilipokwisha chaji, wakamwelekeza kwa Safia.

Safia akaipokea, akaitafutia kamba. "Muke yako anavaa kitenge gani?"

"Sina mke, mama."

"Basi nitaifunga na kamba ya mbuzi. Na leo jua hakuna, itakwenda na zingine Wamaza mu gunia."

Nathanaël aliyetaka kukaa hakukaa. "Zingine gani?" akauliza. Safia akamwonyesha gunia. Kijana akalitazama, akafungua kompyuta yake, akatazama mistari iliyopanda na kushuka, akalitazama tena gunia. Kisha akakaa chini kwenye tope na kucheka mpaka Safia akamletea maji ya kunywa. Alipopata pumzi alimweleza yote. Safia naye akaanza.

"Kumbe gunia ilikimbia," akasema akifuta machozi kwa ncha ya kitenge, "halafu gunia ikapewa habari kwamba gunia imekimbia!"

"Ndiyo, mama. Na ikakubali kurudi kuokoa batu."

Wakawa marafiki hapohapo. Nathanaël alimfafanulia kwamba habari moja peke yake haina maana, lakini ukizirundika nyingi, huanza kusema mambo ambayo hakuna mtu mmoja angeyaona. Alitarajia kuulizwa maswali. Safia alimwangalia kwa huruma.

"Mwanangu, hiyo njo kazi yangu. Simu moja haina habari. Lakini unipe simu za kijiji nzima, nitakuambia nani atazaa, nani atahama, na nani anadanganya muke yake."

Kabla ya kuondoka Nathanaël aliirekebisha kompyuta: zile simu zikitembea pamoja, isizihesabu, ni gunia, si watu. Akamwachia Safia namba yake. "Siku nikikupigia," akasema, "haitakuwa gunia." Safia akacheka tena, lakini namba aliishika kichwani.

Nathanaël alipiga siku ya jua kali. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye mikeka, paneli zote zimejaa simu, hakuna wingu hata la dawa. Sauti yake haikuwa na mzaha. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha huko milimani, nguzo ya antena ilikuwa imeonyesha maji yanapanda haraka, halafu ikanyamaza, pengine imesombwa. Kompyuta ilisema mto utafika Lukondo kabla ya jioni, na safari hii ilisema kwa sababu ya maji yenyewe.

"Watoe batu ya chini, Mama Safia. Ninakuomba."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Safia alimwona tena Sumaili akishuka mlima kwa haraka, akisema narudi sasa hivi. Hakukaa. Alikwenda kwa chifu wa kijiji, chifu akatuma ngoma ipigwe, na watu wa chini wakaisikiliza ngoma kama wanavyosikiliza kelele za watoto. Wawili watatu walitoka, wakaona wenzao wamekaa, wakaona haya, wakarudi. Safia akaenda kwa Zacharie mwenyewe, kwa sababu huyo akiondoka, wote wangeondoka.

Alimkuta barazani, mguu juu ya mguu. Asubuhi hiyohiyo Zacharie alikuwa ameleta simu yake imezimika kabisa, na akamsalimia Safia kwa jina la Mama Gunia mbele ya watu.

"Papa Zacharie, ninakuomba. Maji inakuja kweli. Uko na batoto humu."

Zacharie alitazama juu bila haraka. "Dalili ya mvua ni mawingu, Mama Gunia. Mawingu iko wapi? Mashini yako ilikulisha imbwa mbuzi yangu. Leo inataka nini? Kuku?"

Watu barazani wakacheka. Cadette alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akimwangalia Safia bila kucheka. Safia akaona kwamba kuomba kumefika mwisho. Hasira ikampanda, hasira nzuri, ile inayomfanya mtu afikiri. Hawa watu hawakimbii kwa sababu ya uhai wao. Basi wanakimbilia nini?

Akarudi nyumbani mbio, akachomoa simu zote kwenye paneli, akakusanya na zilizongoja foleni, akazitia ndani ya gunia. Akaazima megafoni ya kutangazia chanjo kwa chifu. Iliasi akampakia, wakapanda mlima wa shule.

Dakika chache baadaye sauti yake ikashuka bondeni, imekwaruza, kubwa, haina haya.

"Batu ya Lukondo! Simu zenu zote iko na mimi hapa ku mulima. Nimechoka kulea siri zenu. Leo nitasoma meseji zote, moja moja, kwa nguvu, ili kila mutu asikie yake na ya jirani!"

Huko chini milango ikafunguka.

"Nianze na gani? Nianze na hii ya kitenge ya njano, yenye kuwa na samaki."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Kitenge cha njano chenye samaki kilikuwa kinatembea kijijini kila Jumapili, kimemvaa Cadette. Zacharie aliushusha mguu kutoka juu ya mguu.

"Meseji inatoka Salamabila. Ni mwanamuke anaandika. Inaanza hivi: *Mupenzi wangu...*" Safia akakohoa. Akakohoa sana. "Mungoje kidogo. Macho imezeeka. Nitafute miwani."

Safia hakuwa na miwani. Hakuwahi kuwa nayo.

Wanawake ndio waliotangulia, watoto migongoni, hawataki kupitwa na neno. Wanaume waliwafuata, kila mmoja ameikumbuka simu yake na yaliyomo. Wazee wasioweza kutembea walikataa kuachwa nyuma bila kusikia, wakabebwa. Hata padri alipanda, haraka kuliko siku ya harusi, na sababu zake hakumweleza mtu. Mbele ya wote, akipumua kama mvukuto, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki njiani, alikuwa Zacharie. Cadette alikuwa nyuma yake hatua moja tu, na watoto wote.

"Leta hiyo simu!"

"Ngoja, Papa Zacharie, bado wengine hawajafika," akajibu Safia, akaipandisha megafoni. "*Mupenzi wangu, tangu ile siku...* Nyinyi ba huko chini, mukaribie, hamutasikia vizuri!"

Alirudi mwanzo mara nyingi. Kila akifika kwenye *ile siku*, kikohozi. Watu walimsonga, wakamtukana, wakamsihi. Naye macho yake hayakuwa kwenye simu. Yalikuwa juu ya mto, na moyo wake ulikuwa ukimwambia kwamba akikosea leo, Lukondo haitamsalimia tena mpaka afe.

Kisha Iliasi akasema, "Shemeki, ona."

Luama ulikuja bila mvua na bila kelele ya kwanza, rangi ya udongo, umebeba miti mizima. Uliingia kwenye mpunga ulioanikwa. Ukaingia barazani kwa Zacharie, ukapita ndani, na ukuta wa matofali wa upande wa mto ukainama polepole ukaanguka. Mlimani mwanamke mmoja akaanza kuhesabu watoto wake kwa kuwagusa vichwa.

Safia aliona paa lake linaelea, paneli zimegeukia juu, bado zinang'aa. Iliasi alikwisha kuvua shati.

"Ninaweza kufika, ile moja ya mwisho ninaweza..."

Safia akamshika mkono kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Huu muto nilishaupa kaka yako kwa sababu ya redio. Sitaupa weye kwa sababu ya paneli. Ikaa chini!" Na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya watu wote, bila kujificha. Iliasi akakaa chini karibu naye.

Simu ya Safia mwenyewe ikalia. Alikuwa Nathanaël. Kwa hesabu ya kompyuta, maji yalikuwa yamefika Lukondo na hakuna mtu aliyehama, hata mmoja.

"Mama Safia, batu bamebaki chini?"

Safia akajifuta pua. "Mwanangu, ni weye uliiambia gunia si batu. Leo gunia ilitangulia, na batu bakaifuata. Bote tuko hapa."

Jua lilipoanza kushuka, Safia alifungua gunia, akagawa simu, kila kitenge kwa mwenyewe. Zacharie alikuja wa mwisho. Alikuwa mpole sasa, mguu mmoja peku.

"Mama Safia," akanong'ona, "hiyo meseji... yote ilisema nini?"

Safia akampa simu mkononi. Zacharie akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Ilikuwa imezimika kama alivyoileta asubuhi. Safia alikuwa ameiweka kwenye kona, mwisho wa foleni, kwa ajili ya lile jina la Mama Gunia. Haikuwa imeguswa na jua hata kidogo.

"Hakuna meseji?" akauliza Zacharie.

"Meseji itaingia wapi, Papa? Simu imekufa tangu jana."

Uso wa Zacharie ukafunguka kwa furaha. Ulibaki hivyo mpaka aliposikia mkewe nyuma yake. Cadette, ambaye hakuwahi kuuliza swali, alikuwa amechagua moja kati ya yote aliyoyahifadhi.

"Kama hakuna meseji, baba, ulikuwa unakimbilia nini?"

Kijiji kizima kikasogea kusikiliza. Zacharie alimtazama Cadette, akamtazama Safia, akautazama mto uliokuwa umelala ndani ya nyumba yake. Njia ilikuwa moja.

"Maji!" akapaza sauti. "Nilikimbia maji! Mashini si ilisema maji inakuja? Mimi nikaamini, nikakimbia!"

"Mumesikia bote?" akauliza Safia, na safari hii hakuhitaji megafoni.

Siku hizi ujumbe wa hatari ukiingia Lukondo, iwe mvua iwe jua, Zacharie ndiye wa kwanza kubeba godoro. Cadette humsimamia mlangoni, anamtazama.